Asilimia Thelathini na Moja

Jina la Mama Kiu nilimpachika mimi, na hilo pia naliweka kwenye hesabu ya makosa yangu.

Alifagia madarasa ya shule yetu miaka kumi na mitatu kabla mwalimu mkuu hajamkabidhi ufunguo wa maabara na mashine ya kutotoa vifaranga. Siku moja nikamuuliza kwa nini anapita na jagi la maji kila asubuhi. "Mayai yana kiu," akajibu. Nilicheka hadi chai ikanipalia, na jina likashika.

Lakini kazi aliijua, tena kuliko sisi wenye vyeti. Aliyamulika mayai kwa tochi, moja moja, akachora kwa penseli ukingo wa kifuko cha hewa. Kifuko kikipanuka upesi mno, hewa ni kavu, anaongeza maji kwenye sinia ya chini. Kikichelewa kupanuka, anapunguza. Siku kumi na nane za mwanzo alitaka kipima unyevu kisome asilimia hamsini. Siku tatu za mwisho, sabini, na kifuniko hakiguswi. Alibandika karatasi: USIFUNGUE HATA KIDOGO.

"Wakianza kutoboa ganda, mwalimu, ukifungua tu unyevu unatoka," aliniambia. "Ule utando wa ndani unakauka, unawabana humohumo."

"Na sisi walimu tunakauka kila siku, mbona hutumwagilii maji?"

Alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka siku zile.

Siku ya ishirini, wakati wa mapumziko, niliingia maabara kuchukua rula kubwa. Yeye alikuwa ameenda kuchota maji. Nikasikia mlio ndani ya mashine, nikafungua. Mayai yalikuwa na nyufa, na mdomo mmoja mdogo ulichungulia nje. Nikatoa simu, nikapiga picha. Mwanga haukunipendeza, nikapiga tena, na tena. Kengele ilipolia nikafunika, nikachukua rula yangu, nikaenda kufundisha desimali.

Kati ya mayai ishirini na manne, walitoka vifaranga watatu. Waliobaki walifia ndani, midomo nje, utando umewagandia mwilini. Darasa la sita zima lililia.

Mwalimu mkuu alimhoji Mama Kiu mbele ya walimu wote. Mimi nikainamia madaftari, nikajifanya nasahihisha. Yeye alinitazama mara moja, kisha akasema, "Labda maji niliweka kidogo."

"Labda?" Mwalimu mkuu akanyoosha mkono, akauchukua ufunguo. Mashine ikaingia stoo, yeye akarudi kwenye ufagio. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, akaumbuka mwingine.

Muhula mzima nilijifanya mwema. Nilimsalimia wa kwanza, nikamnyanyulia viti akideki. Nikaacha kumwita Mama Kiu, lakini watoto walikuwa wameshalizoea, wakaliimba nyuma yake. Aibu ilinila. Wiki mbili zilizopita nikashindwa kuvumilia, nikamfuata koridoni akikamua dekio.

"Mama, ile siku aliyefungua ni mimi."

"Najua."

Alijifuta mikono, akatoa daftari mfukoni mwa aproni. "Kile kipima unyevu kinakumbuka. Ukibonyeza kitufe cha pili, kinakuonyesha unyevu ulishuka hadi wapi." Kwenye mstari wa siku ya ishirini alikuwa ameandika kwa penseli: 31. Chini yake: vidole vya chaki kwenye kifuniko, rula kubwa haipo.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ingekuwa neno la mfagiaji na neno la mwalimu. Nikakutazama, nikakupa nafasi."

Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Mimi umeniambia ninachokijua, mwanangu. Kamwambie asiyejua."

Akachukua ndoo yake, akaendelea na kazi.

Kutoka pale hadi mlango wa mwalimu mkuu ni hatua thelathini na nne. Mimi ni mwalimu wa hisabati, sikosei kuhesabu, nimezipima kila siku tangu wakati huo. Leo nimefika ya thelathini na tatu, nikasikia ufagio wake umesimama nyuma yangu, nikageuka nikajifanya nimesahau rula.