Uso wa Kupanda Ndege

Nani amesema uso mweusi haupandi ndege? Niliuliza hivyo mbele ya meza ya muuza krimu, sokoni Likasi.

Bibi arusi, aliyeolewa kwa picha tu, bila kuonana, na kijana wetu anayeishi Ubelgiji, alikuwa anasafiri kesho yake. Nyumbani kwao, mtaa wa Shituru, baba hana tena kazi, na macho yote yako kwa binti huyu. Shangazi yake alikuwa akimpaka krimu ya kung'arisha palepale, mashavu yamekwisha kuwa mekundu.

“Tantine, inanichoma!” binti akamlilia shangazi.

“Vumilia, mama. Mu ndege utapoa.”

Atapoa? Hewa ya ndege ni kavu kuliko kiangazi chetu cha mwezi wa saba, na safari ni ya saa nyingi. Ngozi iliyochubuliwa itapasuka humo.

“Mama, mu ile foto bwana alipenda, mutoto iko mweusi ao mweupe?” nikamuuliza shangazi.

Bibi arusi ndiye aliyejibu: “Minye? Mweusi tii!”

“Sasa kule uwanja wa ndege, bwana atatafuta nani?”

Binti akacheka, akavuta ncha ya kitenge cha shangazi, akajifuta mashavu yote mawili.

Wewe unayemsindikiza binti kwenye ndege, tafadhali, mpe maji ya kunywa na vazelini, na uso wake mwachie kama ulivyo.