C Tatu ya Baba Mkwe

Sipendi kwenda Kakuyuni mchana. Nikienda napitia njia ya nyuma, kwa sababu mpaka leo, na mvi zangu hizi, kuna watu kule wananiita Bwana C Tatu, wajukuu wakiniuliza maana yake najifanya nakohoa. Haya, leo nitasema, lakini mkicheka chekeni taratibu.

Miaka ile ya themanini nilikuwa karani katika duka la jumla pale Malindi, kijana wa Ganze mwenye suruali moja ya maana na ndoto za watu kumi. Mchana, mji umelala, upepo wa bahari unaingia dukani na kuchanganyika na harufu ya mdalasini na mafuta ya taa, mimi nilikuwa sipo. Mwili uko kwenye kaunta, roho iko Kakuyuni kwa Kadzo (binti wa Mzee Karisa, mteja wetu, akiniambia tu "hujambo, Charo" naishi nayo wiki nzima).

Sasa tajiri wangu aliletewa kijitabu na mpwa wake aliyesoma ng'ambo. Kilieleza jinsi makampuni fulani ya huko yanavyopima nani anafaa kukopeshwa, serikali nzima na mabenki, wote wanapewa herufi kama watoto wa shule! A tatu, yaani AAA, ndiyo kilele, huyo mkopeshe ulale usingizi. Halafu A mbili, A moja, B tatu, na hapo B tatu ndipo usalama unapoishia. B mbili kwenda chini ni kubahatisha, C tatu yuko ukingoni, na D ni aliyekwisha kushindwa kulipa. Pembeni wanaandika pia anaelekea wapi, kupanda au kushuka. Nikakisoma nikaota niko ghorofani, nimevaa tai, marais wamepanga foleni wanangoja herufi zangu. Na kwa kuwa marais hawakuja Malindi, nikachukua karatasi nikampima tajiri, kisha wateja wetu wa mkopo.

Mzee Karisa nilimpa C tatu, anaelekea kushuka. Haki ya Mungu sikuwa na ubaya naye! Kijitabu kilisema anayechelewa ashushwe, na mzee alikuwa akichukua sukari na mafuta ya taa mwaka mzima halafu analipa mara moja tu, korosho zikishauzwa.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo ndiyo tuliyokuwa tunakwenda kumposa Kadzo. Tajiri akanipa tumbaku ya kuwapelekea wazee, nami, kichwa kiko mawinguni namwona Kadzo akinitengea chakula, nikavuta karatasi ya kwanza niliyoigusa nikafungia tumbaku hiyo. Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe.

Kakuyuni tulipokewa vizuri. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, na tumebeba kadzama, ule mnazi wa posa ambao kwetu haunywewi mpaka binti mwenyewe aitwe aulizwe. Ua umejaa wazee, mashangazi na majirani, jua linapenya kwenye majani ya mikorosho, mimi naelea tu. Tumbaku ikafunguliwa mkekani. Kadzo akaitwa, akapiga magoti.

"Mwanangu, tunywe?" Mzee Karisa akamuuliza.

Macho yake yako kwenye karatasi. (Mwandiko aliujua, barua zangu zote alikuwa nazo.)

"Karisa wa Kakuyuni," akasoma kwa sauti. "C tatu. Anaelekea kushuka."

Ua mzima ukanigeukia, hata kuku nadhani.

"C tatu ni nini, Charo?" mzee akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza kabisa. Nikaeleza kuanzia juu, jasho linanitiririka, baba mdogo ananikanyaga mguu ninyamaze.

"Na tajiri wako ulimpa ngapi?"

"A tatu, baba." Mashangazi wakaguna.

"Mimi nimewahi kukosa kulipa?"

"Hapana, baba."

"Mwaka ule wa ukame?"

"Uliuza mbuzi ukalipa."

"Basi. Korosho zangu hazijui mwisho wa mwezi." Akamgeukia binti yake. "Kadzo, wewe umesoma. Huyu naye mpime."

Nikamtazama kwa macho ya kuomba. Akafikiri, weee, akafikiri!

"B mbili, baba."

"Maana yake?"

"Maneno yake matamu, lakini bado haaminiki."

"Anaelekea wapi?"

"Tungoje korosho."

Tukarudi na kadzama yetu imejaa vilevile. Usiku ule nililia, sioni haya kusema, maana nilijua Kadzo ananiponyoka kwa ujinga wangu mwenyewe.

Tangu hapo kila Jumapili nikawa natembea hadi Kakuyuni, napalilia mikorosho ya mzee, sikuambiwa na mtu, sisemi neno. Korosho zilipouzwa, mzee akaja dukani, akalipa deni lote, akanitazama mikono iliyojaa malengelenge.

"Leteni mnazi mwingine," akasema. "Ule umeshachacha."

Sijampa mtu herufi tena, na sitampa. Tumbaku nafungia gazeti, tena nalisoma kwanza pande zote mbili. Juzi Kadzo kanituma chumvi, nikarudi mikono mitupu (nilikuwa naota). Nikamuuliza, mama watoto, ile B mbili yangu miaka yote hii haijapanda tu?

Akachukua kibakuli.

"Korosho bado," akasema, akaenda kuomba chumvi kwa jirani.