Kidole Gumba cha Mama Mkwe

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nimefanya uuguzi kwa miaka mingi, na kazi hii inakufundisha kutomwamini mgonjwa anayesema amemeza vidonge vyote, wala ndugu anayesema mgonjwa amekula vizuri, wala mtu yeyote anayesema amepona. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba gemu la simu linamponya bibi yake, nilimtazama kama ninavyowatazama wale wauza dawa wa stendi ya Kasulu wenye vipaza sauti.

Mama mkwe wangu alipatwa na kiharusi akiwa shambani kwake Makere, msimu wa kupanda maharage. Mume wangu, mwanawe wa pekee, anafundisha Busunzu, upande wa Kibondo, na huja nyumbani mara mbili kwa mwezi barabara ikiruhusu. Mgonjwa akaletwa kwangu, Kasulu mjini. Sikulalamika. Sawa, nililalamika kidogo, lakini jikoni, peke yangu. Baada ya wiki kadhaa ulimi wake ulirudi, mguu nao ukarudi kwa kuburuta, ila mkono wa kushoto ukabaki umelala mapajani.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini alituambia mkono usiotumika husahau kazi yake. Akatupa mazoezi: kuminya soksi iliyoviringishwa, kuokota maharage moja moja kutoka kwenye sahani, kukunja na kukunjua kidole gumba mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni. Nikamwekea Mama sahani ya maharage. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Mimi ni kuku?" akauliza.

Na huo ndio ukawa mwisho wa maharage. Soksi aliiminya mara sita, akaniambia imemchosha, akalala. Nilimsihi, nilimkaripia, nilimtisha kwa lugha ya hospitali. Alikuwa akinijibu "ego", ndiyo ya Kiha, huku macho yake yako dirishani.

Kilichomuuma hakikuwa kushindwa kulima wala kushindwa kufunga kitenge. Hapa inabidi nieleze, maana mimi kwetu ni Lushoto na nilichelewa kulielewa hili. Wanawake wa Kiha wa rika lake husalimiana kwa makofi. Si makofi ya kushangilia. Wanakunja viganja kidogo, wanainama, wanapiga polepole, na kila pigo lina swali lake: mmeamkaje, watoto, mifugo, shamba, wagonjwa. Mwenzake anaitikia kwa makofi yake. Asiyepiga hajasalimia. Sasa yeye angepiga na nini? Wageni walipofika kutoka Makere kumjulia hali, aligeukia ukutani akajifanya amelala. Mwanawe alipomwambia nyumba ya kijijini inamsubiri, alisema neno moja tu ambalo hakulibadilisha kwa miezi yote ile:

"Nitarudi siku nitakayoweza kusalimia watu."

Nilijua alimaanisha. Nilijua pia kwamba bila mazoezi siku hiyo haitafika, na kwamba angezeekea kwenye chumba changu cha nyuma akiutazama ukuta wangu.

Ndipo ikaja simu. Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo, na nilimpa kazi ya kukaa na bibi yake mchana ninapokuwa zamu. Mbali na simu yake ya kila siku, alikuwa na nyingine ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na ndani yake gemu la mashindano ya pikipiki. Unaishika simu kwa mikono miwili, gumba la kulia linatia mafuta, la kushoto linafunga breki, na barabara ina kona mpaka kichefuchefu. Siku moja nilirudi nikasikia Mama anafoka kwa Kiha. Nikatupa mkoba nikakimbia, nikidhani amegombana na mjukuu. Nilimkuta ameegemea mito, simu mkononi, anamtukana mwendesha pikipiki wa njano aliyempita kwenye daraja.

"Anachomekea huyu!" akaniambia kwa Kiswahili, ili na mimi nimjue mkosaji.

Nikashuku kila kitu. Kwanza nilimshuku binti: amepata njia ya kumnyamazisha bibi ili na yeye achati. Akaapa gemu halitumii hata bando. Nikayashuku macho ya mgonjwa, nikaishuku presha yake, nikampima kabla ya mashindano na baada ya mashindano. Jirani yangu mmoja, mama wa kwaya, alichungulia akaniita pembeni kuniuliza kama mama mkwe ameanza kubeti. Nikacheka, kisha nikaenda kuikagua simu nzima. Hakukuwa na kitu cha kubeti.

Mama alicheza kama watu wanavyokunywa pombe. Akinywa uji, simu iko magotini. Akitoka msalani, anauliza iko wapi. Saa nne, saa tano kwa siku. Mwanzoni pikipiki yake iligonga kila kona, kwa sababu gumba la kushoto halikufika kwenye breki. Alikuwa akiligeuza kwa mkono wa kulia, analiweka pale kama mtu anayemweka mtoto kwenye kiti, linateleza, analirudisha.

"Mama, Bibi amefika levo ya kumi na mbili," binti aliniambia wiki kadhaa baadaye. "Kule bila breki hufiki. Cheki kidole chake."

"Kidole chake kinarudi kwa sababu muda umepita," nikamjibu. "Vinarudi vyenyewe."

Sikuwa nimemwangalia kidole. Jioni hiyo nikamwangalia, na kilikuwa kinakwenda. Si sana, lakini kinakwenda. Nikampelekea uji, nikakishika kikombe makusudi upande wake wa kushoto, nikasubiri. Akakipokea kwa mkono ule ule. Kilitetemeka, kikamwagika kidogo, kikafika mdomoni.

Ningepaswa kufurahi. Nilichokipata kifuani kilikuwa hasira. Nikawaza: tangu lini? Tangu lini anaweza kushika kikombe, na mimi namlisha, namwogesha, namfunga vifungo vya blauzi kabla ya kukimbilia zamu? Nikampigia mume wangu simu Busunzu kumwambia mama yake ananifanya mjinga, labda mkono ulipona zamani na anautumia kunitumikisha. 

"Wewe mwanamke," akaniambia, "hata mtu akipona kwako ni kosa?"

Swali lile lilinichoma na halikunizuia. Wodini, dawa tusiyoiamini tunaisimamisha, tunaangalia mgonjwa anakwendaje bila yake. Basi nikaisimamisha. Binti alikuwa ameondoka kwenda Busunzu kwa baba yake kwa wiki chache, na hakukuwa na mtu wa kunipinga. Nikaichukua simu, nikaizima, nikaificha kwenye begi la sare zangu za kazi. Nikamwambia Mama kwamba chaja imeungua na simu imegoma, nimeipeleka kwa fundi.

"Fundi anasemaje?" akaniuliza siku ya pili.

"Anasubiri kifaa kutoka Kigoma."

Siku ya tatu aliuliza tena. Siku ya nne hakuuliza. Sahani ya maharage niliirudisha pembeni ya kitanda, nikijidanganya kwamba sasa atanisikiliza, na hakuigusa. Wiki ikaisha, mkono ukarudi ndani ya kitenge. Ulikuwa umerudi nyuma kweli, au yeye ndiye aliyeacha kuutoa? Sikujua, na mtu mwenye akili angeona kwamba kwa mgonjwa ni mamoja.

Katikati ya wiki ya pili, nikiwa kwenye chumba cha wauguzi muda wa chakula, niliitoa ile simu. Nilitaka kujua kuna nini humo kinachomshinda mtaalamu na mimi muuguzi. Pikipiki ilikuwa nyekundu. Nikabonyeza hapa na pale, ikageuka kijani, nikaanza. Niligonga ukuta. Nikaanza tena. Nikagonga lori. Kuna mwendesha pikipiki wa njano ambaye, nakwambia, ana roho mbaya. Nilipoinua kichwa, muda wa chakula ulikuwa umekwisha, ugali wangu wa muhogo umepoa na kuwa jiwe, na gumba langu la kushoto, la mtu mzima asiyeumwa, lilikuwa linauma mpaka kwenye kiwiko.

Nikakaa pale nikihesabu. Kwa nusu saa nilikuwa nimefunga breki mara ngapi? Mia tatu? Zaidi? Mimi nilimwomba hamsini akanikatalia, nikamwita mvivu, kisha nikamwita mwongo. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kujificha. Na bado sikuirudisha simu siku ile, wala kesho yake. Ningesema nini? Kwamba simu imepona yenyewe? Nilisubiri nipate uongo mzuri zaidi.

Jumamosi akafika mdogo wake Mama kutoka Makere, mwanamke mwembamba mwenye ndizi kichwani. Mtoto wake wa kike alikuwa anaolewa, na alikuja kumwita dada yake mkubwa, kwa sababu bila dada mkubwa nani atawapokea wakwe? Alitua ndizi, akasimama mlangoni mwa chumba, akainama, akaanza kupiga makofi. Alisema "Mwakeye", salamu yao, akapiga, akasubiri. Mama alikuwa amegeukia ukutani. Mdogo wake akapiga tena, polepole zaidi, akiuliza habari za mwili. Nilikuwa nyuma yake na niliona bega la Mama chini ya shuka likitikisika, kama mtu anayejaribu kunyanyua kitu kizito bila kuonekana. Hakugeuka.

"Amelala?" mgeni akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Amelala," nikasema.

Mgeni alikunywa chai, akaondoka na jibu la kwamba tutaona. Harusi ilifanyika wiki iliyofuata na wakwe walipokelewa na mtu mwingine.

Nilipomsindikiza mpaka barabarani na kurudi, nilikwenda moja kwa moja kwenye begi. Nikamwekea Mama simu juu ya shuka. Nikasema fundi ameileta. Akageuka taratibu, macho yake mekundu, akaiwasha. Ilikuwa na chaji kamili. Akafungua gemu lake, akakaa akilitazama.

"Pikipiki yangu ilikuwa nyekundu," akasema.

Nikajifanya nanyoosha shuka.

"Na huyu amegonga mara kumi na saba. Fundi gani huyu?"

"Ni mimi, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa majibu aliyokwisha kuyajua. "Ulikuwa unanipima."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Kama mnavyopima mkojo," akasema, akarudisha pikipiki kuwa nyekundu, akaanza kucheza.

Hakulitaja tena. Nilitarajia angalau amwambie mwanawe, nikajiandaa kwa vita, na vita haikuja. Alicheza kuliko zamani. Binti aliporudi alimkuta nyuma kabisa ya pale alipomwacha, akashangaa, na bibi yake akamwambia tu kwamba simu ilikuwa mbovu. Nilimsikia akisema hivyo nikiwa koridoni. Sijui kwa nini alinisitiri.

Masika yalipokaribia kwisha, nikiwa nakata mchicha jikoni, nilisikia kofi chumba cha nyuma. Moja. Kisha kimya kirefu. Kisha mawili, yasiyolingana, kama mtu anayepiga chapati. Sikwenda kuangalia. Nilisimama na kisu changu nikalia, na sikujali kama ni gemu, au muda, au hamu ya kwenda kwao, au vyote kwa pamoja. Watu huniuliza siku hizi kama michezo ya simu ina faida, hasa wazazi wanaotaka niwaambie haina. Nawajibu kwamba sijui. Nawaambia nilimwona mtu mmoja tu, na mkono mmoja tu, na kwamba mimi siyo shahidi mzuri.

Mwezi mmoja baadaye alirudi Makere. Mwanawe alimfuata asubuhi mapema nikiwa bado zamu. Nilifika nyumbani nikakuta kitanda kimetandikwa na sahani ya maharage imeoshwa. Nikasema moyoni, vizuri, tumemalizana.

Desemba tukaenda kumsalimia, mume wangu, binti yetu na mimi. Ua wake umefagiliwa, kahawa imeanikwa kwenye mkeka. Tangu nilipoolewa, kila nilipoingia kwenye ua ule mama mkwe alinipigia makofi marefu, na zamani nilishuku ananidhihaki kwa vile mimi ni mtu wa kuja. Safari hii alitoka mlangoni kabla hatujaita. Akainama kwa mwanawe, akakunja viganja, akapiga, na yalikuwa makofi mazima, yanayosikika mpaka kwa jirani. Akamgeukia binti, akapiga tena, akamuuliza masomo, akamuuliza kwa kumtania ameishia levo ya ngapi. Binti akapiga naye huku anacheka. Mdogo wake, yule wa ndizi, alikuwa amesimama pembeni anafuta machozi.

Kisha akanifikia mimi. Nilikuwa nimeshainama, viganja vyangu viko tayari. Akaninyooshea mkono wa kulia, kama anavyosalimiwa afisa aliyetoka mkoani.

"Habari za Kasulu?" akaniuliza kwa Kiswahili safi.

Kwa kawaida ningetafuta sababu. Ningesema mkono ule mgonjwa umechoka, ningesema baridi ya asubuhi imeukaza. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa pembeni yake, mzima, umetulia.

"Nzuri, Mama," nikasema, nikaupokea ule alionipa.