Kompyuta na Njia ya Mwaloni

Naikumbuka siku kompyuta yetu ilipotoa mkataba wake wa kwanza, pale ofisini Mukendo, Musoma. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Juzi tu tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni, mara wanunuzi wa sangara wamejaa ziwani, na bosi wangu wakili ameletewa mashine yenye mikataba iliyokwisha kuandikwa, unajaza majina tu. Mwanangu, nilivimba kichwa. Mimi karani nilijiona wakili mkuu.

Akaja mama Nyasinde, mjane wa Kisorya, kumkodishia mnunuzi mmoja wa samaki shamba lake la kando ya ziwa kwa miaka thelathini. Tulikuwaga na desturi: mkataba unasomwa wote kwa sauti, kwa lugha anayoielewa mwenye mali, ndipo anaweka dole gumba. Siku ile sikusoma. Karatasi ilikuwa safi, haina hata herufi moja iliyofutwa. Nikamsogezea wino.

"Nisomee, baba," akasema.

"Mama, hii imetoka kwenye kompyuta. Haikosei."

Akaficha mkono ndani ya khanga. "Hiyo kompyuta imefika Kisorya lini?"

Nikasoma huku nimenuna. Ukurasa wa pili ulisema mnunuzi ataweka uzio eneo lote, na asiye na kibali chake hapiti. Mama akaniuliza watoto wake watapita wapi kwenda mwaloni, pale ufukoni, kuteka maji na kuegesha mitumbwi, maana njia ya kijiji kizima inakata katikati ya shamba lile. Mashine haikuijua njia ile, na mimi niliyeijua sikuiandika. Jamani, nilikuwa karibu kumfungia yule mama ziwa lake kwa miaka thelathini.

Bosi akatoka chumbani kwake: mnunuzi anasubiri, mama aweke dole, mengine yatarekebishwa baadaye. Nikasema hapana. Nikaichana ile karatasi mbele ya bosi, nikavuta taipureta, nikaandika upya, njia ikiwemo. Alininunia wiki nzima. Na anune.

Leo ninyi mawakili vijana mnaniletea akili bandia, mnasema, "Mzee, inaandika mkataba kwa dakika moja." Sibabaiki. Mwanangu, kabla hujainunua, ipe mkataba wa huku kwetu ambao makosa yake unayajua, uone kama itayaona. Muulize muuzaji siri za mteja zinakaa wapi, na ikikosea nani atasimama mbele ya huyo mteja. Akianza kuzungukazunguka, mfungulie mlango atoke. Na hata ukiinunua, soma kila mstari wewe mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mtu atakayeishi na huo mkataba. Wakikucheka kwamba umepitwa na wakati, waache wacheke, wewe usisaini.

Mungu akupe macho ya kusoma na kifua cha kukataa. Na mama wa watu akitoka ofisini kwako, atoke akiwa bado ana kwao.