Dele la Ishaq Kwenye Mlango Mkubwa

Kaka yangu Ishaq bin Harub alikuwa muuza kahawa Malindi, Unguja, na kazi nyengine hakuijua. Alikuwa akipita mitaani na dele lake, birika la kahawa la shaba, mkono mmoja, na mkono wa pili akigonganisha vikombe, na watu wa barazani wakimjua kabla hajakunja kona. Tulipojaaliwa kufika Maskati, mwaka wa sabini, mwezi wa Shaabani, alishuka na kanzu mbili na dele lile.

Tulifikia kwa binamu yetu Aflah, ndani ya kuta za mji. Aflah alikwishapata kazi serikalini, Mungu amzidishie, na kila asubuhi akimwambia, "Kaka Ishaq, pumzika. Riziki yako imo humu ndani."

Akisema kwa wema. Lakini kaka alijilisha mwenyewe tangu ujana, na tonge la mtu, hata akiwa damu yake, likimkaba.

"Mahfoudha," akaniambia, "ntajaribu mpaka Ramadhani iingie. Nkishindwa kuuza kahawa mji huu, basi ntakaa uani nipepete mchele na nyinyi wanawake."

"Utaumwaga wote, kaka."

"Ndiyo maana nataka niuze kahawa."

Asubuhi yake akalijaza dele, kahawa chungu yenye tangawizi, nami nikavaa buibui langu nikamfuata, maana mji nilikuwa sijauona. Subhanallah! Nyumba nyeupe zimebanana chini ya majabali meusi, na juu ya bandari ngome mbili za Wareno, Jalali na Mirani, zinatazamana kama majirani waliogombana. Nilitaka kujua kila kitu: nani alikaa nyumba ile yenye roshani ya mbao, kwa nini dirisha hili dogo na lile kubwa. Mlango mmoja ulikuwa wazi, nikachungulia dari, nikamvuta kaka kanzu.

"Tazama! Boriti za mikoko, za kwetu!"

Akainua macho. "Nazo zimesafiri," akasema, "na zimepata kazi."

Basi akaanza kugonganisha vikombe. Mlango wa jirani ukafunguliwa, mzee akatoka mbio, "Karibuni, karibuni!" Kaka akaingizwa sabla, chumba cha wageni wa kiume, mimi nikapelekwa kwa wanawake. Tende, kahawa ya hiliki, habari za safari. Tukatoka bila ya kuuza hata tone. Nyumba ya pili vile vile. Ya tatu, iliyo karibu na Mlango Mkubwa wa mji, ilikuwa ya Sheikh Thabit, na mkewe, Bi Nasriya, ndiye aliyenifungua macho. Kila nikimaliza finjani ananijazia tena, mpaka nikamwomba radhi.

Akacheka akashika mkono wangu. "Itikise finjani, dada yangu! Usipoitikisa utakunywa mpaka Magharibi."

Nikamkumbuka kaka kule sabla. Kweli, alipotoka jasho linamtiririka.

"Masikio yanavuma, Mahfoudha. Nimekunywa zote walizonipa, naona haya kukataa."

"Na umeuza?"

"Niuze nini! Wao wakisikia vikombe wanadhani ni msafiri ana kiu, anaomba kukaribishwa."

Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Yeye hakucheka. Akaenda kukaa kwenye baraza ya mawe nje ya nyumba ya Sheikh Thabit, pale wapitapo wachukuzi na watu wa vijijini wanaoingia mjini. Mmoja akanyoosha mkono, kaka akammiminia, akanywa, akarudisha kikombe na kushukuru. Kaka akabaki na kiganja wazi, anangoja pesa.

Sheikh Thabit akatoka. Hakupandisha sauti.

"Ndugu yangu, unauza kahawa mlangoni kwangu?"

"Nauza, sheikh. Ndiyo kazi yangu."

"Kahawa kwetu mtu hupewa. Leo watu watasema Thabit anamlipisha mgeni kahawa barazani pake. Uso wangu ntauweka wapi?"

Kaka akaona haya. Akalibeba dele tukarudi nyumbani.

Baada ya Alasiri akaja uani, akakaa kwenye mkeka. "Nipe ungo," akasema. Nikampa. Moyo uliniuma kumwona kaka yangu, na ungo magotini, akiokota chuya moja moja. Nami nilikuwa jikoni napika kashata za njugu kwa watoto wa Aflah. Harufu ya sukari ilipomfikia, akaacha kuokota.

"Mahfoudha. Halwa hapa inauzwa?"

"Sokoni, kila siku."

"Basi na kashata inauzika."

Siku ya pili nikamkuta pale pale kwenye baraza, dele kulia, sinia la kashata kushoto. Sheikh Thabit alikuwa kasimama mlangoni.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, sheikh. Kahawa ni ya mlango wako, anakunywa anayetaka, haina bei. Kashata ndizo zangu."

Sheikh akatazama dele, akatazama sinia. Akakaa. Kaka akammiminia, tangawizi ikampanda puani, akakohoa mpaka machozi, na wachukuzi wakacheka.

"Mnakunywa moto huu huko kwenu?"

"Watoto wanakunywa, sheikh."

Akataka cha pili. Akatia kashata mdomoni, akanunua nyengine za kumpelekea Bi Nasriya, kisha akatikisa finjani, na kaka safari hii alijua maana yake, nilikwisha mweleza. Wachukuzi nao wakaona, wakasogea, kila mmoja kahawa yake mkononi na kashata yake.

Adhuhuri ilipoadhiniwa sinia lilikuwa tupu. Nyumbani Aflah akatuuliza kama kaka keshakula.

"Kala," nikamwambia, "chakula alichonunua mwenyewe."

Nikaurudisha ungo msumarini, nikatia njugu nyengine motoni.