Kasiva na Kiti cha Mgeni wa Heshima

"Sasa mimi nimshtaki nani?" Kasiva aliuliza, mikono kiunoni. "Kanisani kuna pasta. Huko kwetu kuna chifu. Hapa nimekaa miezi miwili na zaidi naitwa mgeni, mnaamua mambo mimi nikitazama, na nikitaka kulalamika naambiwa hakuna mwenyekiti."

"Tulalamikie sisi sote," Tima, mwenzake wa kazini, akamjibu.

"Nyinyi sote ndio mmenikosea."

Rashid, fundi wa nguo ambaye mkutano wa siku hiyo ulifanyika dukani kwake mjini Kitui, alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Akamwambia zimebaki wiki tatu tu za ugeni, avumilie.

Kasiva ni jirani yangu huku Matinyani. Ana miaka arobaini na tisa, watoto wanne na mdomo usiojua likizo. Kazi yake ni kuchambua ndengu, yaani choroko, kwenye stoo ya tajiri mmoja mjini. Mwaka jana huyo tajiri alianza kuwakata pesa kwa kisingizio cha mawe kwenye ndengu, na wanawake kumi na wanane wakaketi chini, wakakataa kugusa gunia. Tajiri akauliza kiongozi wao ni nani, ampeleke ofisini wakaongee. Tima akasema ni sisi. Wa pili akasema ni sisi. Ilipofika zamu ya Kasiva naye akasema ni sisi, na aliponisimulia jioni alikuwa anatembeatembea jikoni kwangu kama mtu aliyeumwa na siafu. Pesa zao zilirudishwa siku ya tatu.

Hapo ndipo Tima alimwambia kuhusu wenzake. Ni wakomunisti wa kianakisti. Mimi hilo jina lilinishinda kutamka, lakini maana yake Kasiva alinieleza vizuri: mali iwe ya wanaoifanyia kazi, pasiwe na bwana wala mtumwa, na serikali wasiiombe chochote wala kuitafutia kiti. Kila jambo huamuliwa na wote wakiwa wameketi. Mgeni husikiliza miezi mitatu, husoma makubaliano yao, kisha husema mbele ya wote anachokubali na asichokubali. Mmoja akimpinga, wanaongea mpaka waelewane.

"Mimi, mtu wa darasa la sita, naulizwa naonaje," aliniambia. "Hata marehemu mume wangu hakuniuliza hivyo."

Basi wale watu pia hulimiana kwa mwethya, kama mama zetu walivyofanya: leo tunachimba mtaro wa kuzuia maji shambani kwako, kesho unakuja kwangu, na siku uliyolimiwa ni deni. Zamu ya Kasiva ilipofika, furaha ikampoteza. Kwetu kazi bila mgeni wa heshima ni kama harusi bila pilau. Akaenda kimya kimya akamwalika mheshimiwa wa wadi. Akaazima viti vya kanisa, kimoja akakivalisha kitambaa cha maua.

Mheshimiwa alifika saa nne na katoni nzima ya kofia na maikrofoni. Wachimbaji wakasimama mtaroni, majembe mkononi. Rashid akamsalimia kwa adabu, akamnyooshea jembe.

"Karibu, ndugu. Upande huu udongo ni laini."

Mheshimiwa alilitazama lile jembe kama nyoka. Hata hivyo alihutubia saa mbili, akaahidi simiti, akaondoka. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, kazi ikafa.

Mutie, kijana wa Kasikeu aliyekuwa amesafiri usiku kuja kuchimba, alikunja mikono ya shati. "Mtu anayetuitia mabwana hawezi kuwa mwenzetu," akasema. "Mkutano ujao uko kwangu. Nitampinga."

Kasiva hakulala wala hakuniacha nilale. Kanisa analo, jamaa anao, lakini mahali pa kuulizwa unaonaje alikuwa amepata kwa hao watu tu. Siku moja kabla ya mkutano tukapanda gari kwenda Kasikeu, huko Makueni, mimi nikimsindikiza kwa sababu nilitaka kuona anavyokataliwa.

Tulifika kwa Mutie, tukakuta hayupo. Kasiva akaona mtaro ulioanzwa, akaazima jembe kwa mama yake Mutie, akashuka. Mutie aliporudi alikuta amechimba hatua sita.

"Nani amekutuma?"

"Si mlisema huku hakuna wa kumtuma mwenzake. Nalipa siku yako, hatua kumi. Nipishe."

Kesho yake asubuhi aliongeza mbili, na mchana wenzake wakafika. Wakaketi kwenye mkeka. Kasiva akasoma makubaliano kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na aliposhikwa na neno gumu hakuna aliyemsaidia bila kuombwa.

"Nakubali hapa panaposema pasiwe na mabwana," akasema. "Yule mheshimiwa nilimwita kwa mazoea. Nilidhani kazi bila mkubwa haionekani. Lakini nilichimba hapa jana bila maikrofoni na shimo lipo, mkaangalie. Kitu nisichokubali ni hiki mlichoandika kwamba mkutano unaanza saa nane. Mnaanza saa tisa. Hapo mnadanganya."

Tima akaficha uso kwa leso. Rashid akauliza kama kuna anayepinga. Wote wakamtazama Mutie. Akakuna kidevu muda mrefu, mpaka mimi ambaye si mwanachama nikatamani kumfinya.

"Nilipinga mtu aliyeleta kiti," akasema. "Huyu ameleta mikono. Sipingi."

Kasiva alisimama, akaketi, akasimama tena. Tima akamkumbatia. Halafu badala ya kunywa chai kama watu, mwanachama huyo mpya akaelekea mtaroni.

"Zimebaki hatua mbili ndio siku itimie," akasema akiinua jembe.

Mutie akamfuata, akalishika mpini.

"Hizo mbili nimekusamehe, mwaitu," akasema, kama anavyomwita mama yake. "Kanywe chai."

Akashuka mtaroni, akaanza kuzichimba mwenyewe.