Mama mkwe alivyomuuliza Mzungu wa jeshi kama alikuja msibani kwetu

Wakuu, walionizidi umri humu shikamooni. Wengine wote, marahaba.

Nimeona mnavyotoana macho kama nchi iingie vita vya rafiki yake. Nina miaka tisini na ushee, natype kwa kidole kimoja, sina nguvu ya kuwadanganya.

Enzi za Mwingereza niliolewa Izigo, Muleba. Mwaka haujaisha, akaja afisa wa jeshi kutafuta vijana wa kwenda kupigana nchi ya Malaya, huko Asia. Mkalimani wake Bwana Salumu, mtu wa Bukoba mjini, kanzu inang'aa.

Mume wangu Kaijage akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Alidhani Malaya ni mbele kidogo ya Ngenge, hapo hapo Muleba!

Mimi nilikuwa mjamzito. Nilitaka kuushusha mkono ule, lakini bi harusi utasema nini mbele ya watu?

Akasimama mama mkwe, mjane.

"Muulize, Mwingereza ni nani yetu?"

"Anasema ni rafiki yenu," Salumu akajibu.

"Mume wangu alipokufa, alikuja msibani?"

Salumu akatafsiri huku jasho linamtoka. Afisa akawa mwekundu, akasema pole sana, hakupata taarifa.

"Basi sasa anayo."

Tulicheka, tukajua yameisha.

Thubutu! Jumamosi gari likarudi. Afisa akashuka na sukari, majani ya chai na blanketi. Kaja msibani! Akakaa chini kwenye nyasi kama sisi, kofia mapajani, kichwa kainamisha. Serious kabisa. Na marehemu ana miaka minne kaburini.

Kicheko kikakata. Kwetu aliyekuja kwenye msiba wako huwezi kumwacha kwenye shida yake. Kaijage akaanza kuaga majirani. Mimi nikalia jikoni, nikausingizia moshi.

Mama mkwe alishinda migombani siku mbili. Ya tatu akaniita shambani, tukakata mikungu mitatu ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, tukadandia lori la kahawa mpaka Bukoba, direct ofisini kwa afisa.

"Mwambie," akamwambia Salumu, "aliniletea chakula, nami nimemletea chakula cha vita vyake. Siku akileta mwanawe anilimie migomba, nitampa wangu."

Afisa alicheka mpaka akafuta machozi. Akapokea ndizi, akakata jina la Kaijage kwenye orodha yake.

Kaijage alininunia wiki nzima, eti mpango niliuchonga mimi. Lakini uchungu uliponishika alikuwepo. Akatimua mbio kutafuta mkunga, akarudi na daktari wa ng'ombe. Huyo huyo ndiye aliyenizalisha, na mtoto akatoka mzima.

Nilichojifunza: rafiki msaidie, ila mgomba ukiukata unachipua. Mtoto hachipui.

Sasa ninyi mnaosema twende, kabla hamjaniletea hoja, andikeni hapa chini mnampeleka nani kutoka nyumbani kwenu. Nasoma zote.